Mzigo wa Manuwari

Wifi yangu ndiye aliyenibandika jina la Manuwari, na nataka ijulikane mapema kwamba sijamsamehe. Wako watu ambao wakizeeka mioyo yao hulainika. Wangu ulikataa.

Ilikuwa siku ya posa yangu, Kisauni, barazani kwa bibi yangu mzaa mama. Ndugu za mume wangu walikuwa wameteremka kutoka bara kwa basi, wamechoka na wanalilaumu joto la Mombasa kana kwamba sisi ndio tuliolileta. Baada ya kula wakauliza swali linaloulizwa kila posa: nyinyi ni watu wa ukoo gani? Bibi hakuficha. Alisema mama yake alikuwa msichana mdogo alipotekwa kule upande wa Ziwa Nyasa, akatembezwa mpaka pwani ya kusini na kupakiwa chomboni. Baharini manuwari, meli ya kivita ya Waingereza, ikakikamata chombo kile, watu wote wakahamishiwa juu ya sitaha. Hakuna aliyewauliza kwao ni wapi. Walishushwa Mombasa, wakakabidhiwa wamisionari, wakapewa majina mapya na majembe, na Jumapili wakafundishwa kushukuru.

"Ukoo wetu unaanzia kwenye ngazi ya meli," alisema bibi, na alisema akiwa ameinua uso.

Wifi yangu wakati huo alikuwa msichana wa rika langu. Alimgeukia mama yake, akasema kwa sauti ambayo hakujisumbua kuipunguza, "Kumbe tumesafiri usiku kucha kuja kuposa mzigo wa manuwari." Wakacheka. Hata mume wangu alitabasamu, kwa woga, nami nilimwona. Bibi aliendelea kumenya machungwa ya wageni.

Jina lilipanda ndege na sisi. Tulipohamia Minnesota, mimi nikiwa muuguzi na mume wangu akiwa mhasibu, wifi alitufuata akapata kazi hospitalini Maplewood, na kila sherehe ya ukoo aliingia nalo mdomoni. "Manuwari ameleta pilau." "Mwulizeni Manuwari, yeye ndiye amezoea maji." Watoto wake walilijua jina hilo kabla ya kujua langu. Nikinuna naambiwa ni utani, si mawifi hutaniana? Mimi nilikuwa naweka. Nina kifua cha kuweka mambo, na nilichokiweka hakikuoza.

Nisikilizwe vizuri. Sizikashifu manuwari kwa kuwakamata wenye kuuza watu. Bila zile meli mimi nisingekuwepo, nalijua hilo kama mtu mwingine yeyote. Lakini nimekaa makanisani huku, mwezi wa pili unapofika na watu weupe wanapokumbuka kwamba kuna Waafrika, nikasikia zikisifiwa kwa machozi: jinsi mabaharia walivyovunja minyororo, jinsi manahodha walivyokuwa wema. Hukaa kwenye kiti changu nikauma meno. Mtu ukimtoa mnyororo, kisha ukamshusha popote panapokufaa wewe, kazi umeiacha nusu. Mama yake bibi yangu alikufa akiwa bado anaota mlima ambao hakuna aliyeweza kumwambia uko wapi.

Kwa hiyo binti yangu alipotuletea mchumba kutoka Liberia, sikutegemea kwamba nitajikuta nimekaa mezani na mtu wa kwetu.

Kijana alikuja nyumbani kwetu Maple Grove na baba yake, mzee mjane, mrefu, mwenye magoti mabovu, ambaye alitengeneza mabasi ya Saint Paul mpaka akastaafu. Tulikuwa tumefika kwenye chai nilipomwuliza, kwa adabu tu, watu wao asili yao ni wapi hasa. Alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema, kwa Kiingereza chao kile cha kumeza miisho ya maneno, kwamba huko Liberia ukoo wao uliitwa Kongo, na kwamba jina hilo halikuwa la heshima.

Babu wa babu yake alipakiwa kwenye meli ya Wamarekani karibu na mdomo wa mto Kongo, apelekwe ng'ambo akauzwe. Haikufika mbali. Manuwari ya Wamarekani wenyewe, iliyotumwa kuvizia wauzaji kwenye mwambao ule, iliikamata. Mzee alisema mto ule ni mkubwa kiasi kwamba maji yake ya kahawia huonekana mbali baharini, na babu huyo alisimulia kwamba walipotolewa chini na kupandishwa juu waliyaona. Bado walikuwa ndani ya maji ya kwao. Walidhani sasa wanarudishwa. Mabaharia wakawapa maji na vitambaa vya kujisitiri, kisha meli ikageuzwa upande wa kaskazini, ikaenda siku baada ya siku mpaka Monrovia. Wakashushwa kwa watu wasiowajua, wakagawanywa majumbani kama watumishi.

"Hata mtu mmoja hakuwauliza wanataka kwenda wapi," alisema mzee. "Swali dogo hivyo."

Niliweka kikombe chini. Kisha nikamweleza habari za bibi yangu na ngazi ya meli. Tukatazamana, wazee wawili na vikombe vyetu, na yeye akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka mume wangu akaja kutoka sebuleni kuuliza kumetokea nini. Sijawahi kumpenda mkwe yeyote haraka namna ile.

Sasa lazima nieleze habari ya blanketi. Kwa kina mume wangu, binti hatoki kwa heshima mpaka shangazi yake, dada wa baba, apokee blanketi la wageni. Wageni humfunika nalo mabegani mbele ya watu wote. Likishatua mabegani amekubali, na hana ruhusa ya kurudi nyuma. Asipolipokea, wageni hula wakaondoka, na binti akiolewa baadaye huhesabiwa kwamba alitoroka, na baba yake haruhusiwi kumsindikiza. Binti yangu amezaliwa huku, Kiswahili anakisikia na anajibu nusu kwa Kiingereza, lakini kwa jambo hili alikuwa mkaidi kuliko sisi. Alitaka baba yake amshike mkono. Na baba yake, Mungu ampe moyo, hajawahi hata mara moja kumpinga dada yake.

Juma moja kabla ya sherehe, ujumbe wa sauti uliingia kwenye kundi la simu la kamati ya harusi. Wifi alikuwa ameukusudia kwa kaka yake peke yake. Kidole kilikosea, kama vidole vyetu vinavyokosea kila siku tukiwa na makundi ya chama, ya kanisa na ya mazishi kwenye simu moja. Nilikuwa jikoni. Niliufungua nikadhani anauliza rangi ya vitambaa.

"Kaka, nimeuliza Mliberia mmoja hapa kazini," ilisema sauti yake. "Hao in-laws wako ni Kongo. Unajua Kongo ni nini? Ni slaves walishushwa na meli. Wewe ulioa mzigo, tukanyamaza. Sasa mtoto naye aolewe na mzigo? Mimi hiyo blanketi sigusi. Nitakuja, nitavaa, nitakaa mbele, na wakiileta nitawauliza ukoo wao mbele ya watu wote, wajibu. Halafu tuone kama kuna harusi."

Aliufuta baada ya muda mfupi. Hakujua ni nani aliyewahi kuusikia. Nilimkazia mume wangu macho tu, naye akasema, "Nitaongea naye," maneno ambayo kwa Kiswahili cha nyumba yetu maana yake ni kwamba hataongea naye.

Sikulia. Nilienda mtaa wa Cedar-Riverside na mkwe wangu mtarajiwa kuchagua blanketi. Tukazunguka maduka ya Wasomali mpaka tukapata moja zito, rangi ya damu ya mzee, la kufunika farasi. Kijana aliuliza kama si kubwa mno. Nikamwambia shangazi ni mtu mkubwa. Njiani kurudi nilikuwa nimeshapanga kila kitu, na niliendesha gari nikiimba.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Wifi yangu akiambiwa saa saba huja saa nane, makusudi, ili watu wote wawe wamekaa na yeye aingie kwa vigelegele. Kwa hiyo nilimwambia saa ya kweli, na wageni nikawaambia wawahi. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Tulikuwa tumepanga viti na hita kwenye gereji, kwa sababu sebule isingetosha, na mlango mkubwa wa gereji ndio uliokuwa lango letu. Mlango wa mbele wa nyumba niliufunga kwa ufunguo. Rimoti ya gereji niliitia kwenye mfuko wa dera langu.

Lango lina mchezo wake, kila mtu wa kwetu anaujua. Aliye nje hupiga hodi na kuimba. Walio ndani hujifanya hawamjui, wanamhoji atokako na akitakacho, mpaka wakiridhika wanamfungulia. Kwa kawaida wanaohojiwa ni wageni wa upande wa mume. Hawa nilikuwa nimeshawapokea kwa nyimbo, wamekaa, wana sahani za sambusa mapajani. Aliyebaki nje alikuwa mmoja.

Alifika saa ileile aliyoizoea. Magari ya wageni yalikuwa yamejaa mbele ya nyumba na mtaa mzima, kwa hiyo aliegesha mbali kule kona. Koti alikuwa ameliacha garini, maana nguo ilikuwa mpya na kilemba kilimchukua mtu asubuhi nzima kukifunga. Nilibonyeza rimoti, mlango ukapanda kidogo tu, kiasi cha kimo cha sufuria kubwa ya pilau, nikabonyeza tena ukasimama. Tukaona viatu vyake. Vya dhahabu, vya wazi, vidole nje, vimekanyaga theluji.

"Hodi! Fungueni, ni mimi!"

"Mimi nani?" nikauliza.

Wanawake wa kamati walicheka na kupiga makofi. Simu zikainuliwa kurekodi.

"Shangazi wa bibi harusi! Wifi, wacha mchezo, coat nimeiacha kwa gari."

"Hapa hatujui shangazi. Wewe ni wa ukoo gani?"

Akautaja. Akamtaja baba yake, na babu yake, na mlima wao, kwa sauti yake ile ya kanisani. Makofi tena.

"Ukoo huo hatujawahi kuusikia Maple Grove," nikasema. "Umefikaje?"

"Si nime-drive! Nime-park huko kwa corner, hakuna space. Fungua, miguu inaganda."

"Nani aliyekushusha hapa?"

Viatu vikatulia. Nilijua kichwani mwake amerudi kwenye ile baraza ya bibi yangu, kwa sababu nilikuwa nimempeleka mwenyewe. Nikainama karibu na ule uwazi ili anisikie vizuri.

"Nauliza, wewe ni mzigo wa nani?"

Kicheko kilikatika. Wanawake wale si wajinga, na nusu yao walikuwa wameusikia ule ujumbe kabla haujafutwa. Mume wangu aliikodolea macho sufuria ya pilau kana kwamba ndiyo iliyokuwa inaozwa. Wageni wetu hawakuelewa Kiswahili, lakini kimya wanakielewa watu wote.

"Wifi," alisema, na sauti ya kanisani ilikuwa imekwisha. "Usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Wewe ulinifanyia mbele ya bibi yangu. Sema tu wewe ni mgeni, huna kwako hapa, na unaomba upokewe. Sema nikufungulie."

Hakusema. Viatu vilihamisha uzito, kimoja, kingine. Na niseme kweli, nilikuwa na raha. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe na raha ilinipanda kutoka tumboni, raha ya miaka, na kama angesimama pale mpaka theluji imfike magotini ningevuta kiti nikae nitazame.

Binti yangu alikuja nyuma yangu. Alipaswa kuwa amefichwa chumbani mpaka aitwe. "Mum, she's going to leave," alininong'oneza. "Akienda, it's over. Dad hatanitoa. You know hatanitoa."

Nilijua. Kiatu kimoja cha dhahabu kilikuwa kimeshageukia barabarani.

"Mum. Please."

Sikubonyeza. Nilitaka lile neno, na nililitaka kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote saa ile, hata mkono wa mume wangu ndani ya mkono wa mtoto wangu.

Yule mzee, baba wa kijana, akamwuliza binti yangu ni nini kinaendelea, naye akamweleza kwa Kiingereza, haraka, pamoja na neno mzigo na maana yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka sahani yake chini, akalichukua blanketi kutoka mezani lilipokuwa limekunjwa na kufungwa utepe, akakata utepe kwa kisu cha keki. Akaja mlangoni. Nikadhani ataniomba rimoti. Hakuniomba. Alishika ukuta, akapiga goti moja kwenye sementi, akapiga la pili, akapita chini ya mlango kwa mikono na magoti yake mabovu, akisukuma blanketi mbele yake.

Tuliona viatu vyeusi vikisimama karibu na vile vya dhahabu. Kisha tukaona pindo la blanketi likishuka taratibu mpaka kwenye vifundo vya miguu ya wifi yangu.

Mwanamke mmoja ndani ya gereji alipiga kigelegele, wakafuata wote, kwa sababu kila mmoja alijua pindo lile lina maana gani. Yeye pia alijua. Nilingoja nione likianguka kwenye theluji. Halikuanguka.

Vigelegele vilipotulia tulimsikia mzee akizungumza naye kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Mama, unataka kwenda wapi? Garini kwako, au ndani? Nitakusindikiza popote utakaposema."

Nilichukia. Nilimchukia yeye, mzee mwema yule, kwa jinsi alivyopanda kwenye chombo changu akanipokonya mateka niliyemvizia miaka yote. Na nilipokuwa nachukia hivyo, lile swali likanifikia. Nilikumbuka alivyokoroga chai. Ndilo swali ambalo babu wa babu yake alilingoja ndani ya maji ya kahawia, na mama yake bibi yangu alilingoja juu ya sitaha, na sasa alikuwa amempa mwanamke huyu, wa mwisho duniani ambaye mimi ningempa.

"Ndani," alisema wifi yangu.

Nikabonyeza. Mlango ulipanda kwa kelele zake zote, na pale alikuwa amesimama, kilemba kimelowa na kuinama upande, midomo inatetemeka, amelishika blanketi kifuani kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amemshikilia. Aliingia akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kukaa kwenye kiti cha shangazi, na hakulivua mpaka jioni. Hakuuliza mtu yeyote ukoo wake. Mume wangu alimwita binti yake, akamshika mkono, akamtoa mbele ya watu wote, akilia kama mtoto.

Baadaye nilimkuta mzee jikoni akijipangusa magoti ya suruali. Nikamwambia ameniharibia kazi.

"Ungemwacha pale mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka aseme."

"Na asingesema?"

Nilimpa taulo. Akajipangusa, akaniambia pilau ilikuwa nzuri, akarudi kwa wageni.

Watu hunitegemea niseme kwamba siku ile iliniponya. Haikuniponya. Lakini jina la Manuwari halijatajwa tena, si na yeye wala na watoto wake, na lile blanketi nimeliona kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, limekunjwa, msimu wote wa baridi.

Krismasi iliyofuata alikuja peke yake, mapema, kabla ya wote. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na anajua ulikuwa wazi, lakini alienda kwenye gereji akagonga. Nilikuwa mle ndani natoa soda kwenye katoni.

"Nani?" nikauliza.

Nilimsikia akikung'uta theluji viatuni, kisha akasema, "Mgeni."

Nilitoa rimoti mfukoni. Nikamalizia kwanza kupanga soda. Halafu nikafungua.